Nilivyotangaza zawadi kwa TV miaka tisa, na siku nilimpatia mzee wa Wamunyu tangi ambayo haikuwepo

Wakuu, nawasalimu kutoka Machakos.

Mimi ni mama mtu mzima. Nimekuwa humu jukwaani karibu miaka mitatu nikisoma nyuzi za watu, nacheka, natoka bila kuandika kitu. Leo nimeona si haki kula kwa watu kila siku na wewe hupiki.

Sitaongeza chumvi. Wengine wenu mlikuwa mnaangalia hiyo show mkiwa wadogo na mtanishika nikidanganya. Nimebadilisha tu majina, hata ya show yenyewe, kwa heshima ya watu wenye bado wako kazini.

Niiteni Mwende.

Miaka ya tisini, hapo katikati, nilikuwa operator wa simu kwa ofisi moja kubwa hapa mjini. Vijana hamjui hii kazi. Unakaa mbele ya mashine iko na mashimo na waya, mtu anapiga kutoka nje, unamuuliza anataka nani, unachomeka waya, unamuunganisha. Siku nzima ni sauti tu. Kulikuwa na watu wa Nairobi tumeongea nao miaka sita na hatujawahi kuonana.

Sasa, mwaka mmoja kukawa na maonyesho ya kilimo hapa Machakos, na mkubwa wangu akasema nikasaidie kwa tenti ya matangazo. Kazi ni kusema ng'ombe wa nani ameshinda, gari ya nani imefunga njia, na mtoto wa nani amepotea.

Siku ya pili wakaniletea kasichana ka miaka minne. Hakalii. Kanakunywa soda. Nikakauliza jina la baba, kakasema, "Baba."

Nikakauliza baba anakaa aje.

"Ni mrefu na anapenda nyama."

Basi nikashika mic nikatangaza vile nimeambiwa. "Tuko na msichana hapa, amevaa sweta ya manjano. Amesema baba yake ni mrefu na anapenda nyama. Baba mrefu mwenye anapenda nyama, tafadhali toka kwa laini ya nyama choma uje kwa tenti ya matangazo, mtoto amemaliza soda."

Wakaja wanaume saba.

Baba halisi alikuwa wa tano, na hata hakuwa mrefu sana. Lakini wa nane kuingia kwa tenti hakuwa anatafuta mtoto. Alikuwa bwana mmoja wa Nairobi, shati ya mikono mifupi, anajipangusa machozi ya kucheka. Akasema anaitwa Otieno, ni producer, na wanaanzisha show ya mashindano kwa televisheni.

"Mama, hiyo sauti ulitoa wapi?"

"Nilizaliwa nayo, huko kwetu Kola."

Akaniandikia address kwa karatasi akaniambia nikuje Jumamosi.

Nilienda. Wakaniweka mbele ya mic wakanipatia karatasi ya kusoma. Ilikuwa imeandikwa hivi: redio kubwa, friji ya milango miwili, na safari ya Mombasa kwa watu wawili.

Nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya operator: "Ledio kubwa, fliji ya milango miwili, na safali ya Mombasa kwa watu wawili."

Watu wa studio wakaangaliana.

Kwa wenye hawatoki Ukambani, lugha yetu haina R. Mtu akikulia kwa Kikamba, R ni mgeni anakuja baadaye na hapati kiti. Kwa simu hakuna mtu alikuwa ameniambia. Labda walifikiria ni laini mbaya.

Otieno hakucheka. Alisema, "Sauti ni dhahabu. Hiyo L ndiyo inahitaji kufunzwa adabu. Niko na wiki tatu kabla tuanze kurekodi."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mzee wangu, Mutiso. Mutiso ni fundi wa mbao, mtu wa maneno machache, workshop yake ilikuwa hapo nyuma ya nyumba. Akafikiria kidogo akasema atanisaidia, kwa sababu yeye hushika randa kila siku na hiyo ndiyo R ya kuanza nayo.

"Sema landa," akasema.

"Landa."

"Hapana, umesema landa. Sema landa."

"Mutiso, hata wewe unasema landa."

Akaangalia hiyo randa kwa mkono wake kama imemsaliti. Miaka yote hiyo na hakuwa anajua jina lake.

Basi tukajifunza wote wawili. Jioni baada ya chakula tunakaa na kikombe cha chai, ananisomea, namsomea. Randa, rangi, rula, riboni, barabara. Kwa switchboard nikawa naambia watu "subiri" mpaka wananiuliza kama niko sawa. Wiki ya pili ulimi ukaanza kukubali. Wiki ya tatu nikawa naweka R hata mahali haitakiwi. Nilimwambia mkubwa wangu kuna simu yake kutoka Kirifi.

Nikarudi Nairobi nikasoma. Redio, friji, safari. Otieno akafunga macho akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Karibu kazini, mama."

Nikaendelea na switchboard siku za wiki, na Jumamosi ni studio.

Show tuiite Pazia Tatu. Mshindani anaulizwa maswali na mtangazaji mkuu, kijana mmoja mtanashati tutamwita Edu. Akijibu vizuri anachagua pazia moja kati ya tatu. Kabla pazia ifunguliwe, Edu ananyamaza, taa zinapungua, halafu inakuja sauti ya mama hujui ametoka wapi: "Nyuma ya pazia la kwanza, mabibi na mabwana..."

Huyo mama ndiye mimi.

Watu hudhani kazi ya announcer ni kusoma tu. Mimi ndiye nilikuwa nawachangamsha watu kabla kamera ziwashwe, nawafundisha kupiga makofi, nawaambia wasitafune. Mimi ndiye nasoma masharti. Na zawadi lazima uisome kana kwamba wewe mwenyewe ungetaka uende nayo nyumbani. Kama ni pasi ya umeme, unasoma kana kwamba hiyo pasi itaokoa ndoa ya mtu.

Nilikuwa nafanyia hiyo kazi ndani ya chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Zamani kilikuwa stoo ya ufagio. Walipigilia magodoro kwa ukuta ili sauti isirudi, wakaweka kiti, taa ya mezani, mic yenye switch, na earphone za kusikia Otieno. Sioni jukwaa, sioni pazia. Niko na kadi zangu tatu tu.

Sheria ya hicho chumba ilikuwa moja, imeandikwa kwa mlango: HAKUNA CHAI. Shikeni hiyo.

Show ilianza kuonyeshwa Jumapili jioni na ikashika haraka. Mimi nikawa mtu anajulikana na hajulikani.

Siku moja nimeenda kwa bucha hapa mjini, nikasema, "Nipimie nusu, mbavu, isiwe na mafuta mengi." Yule jamaa akasimama na kisu hewani.

"Rudia hiyo."

"Nusu ya mbavu."

"Sema pazia."

Nikasema. Akaita watu wa duka la jirani waje waone. Wakaniangalia kutoka juu mpaka chini. Mmoja akasema, kwa masikitiko kabisa, "Nilifikiria ni mwembamba." Lakini niliongezewa maini, na nikaongezewa maini hapo miaka tisa.

Barua pia zilikuja. Kuna mwanaume alikuwa ananiandikia kila mwezi akitaka kunioa, akieleza uzuri wa shingo yangu vile anaifikiria. Mutiso alikuwa anazisoma kwa sauti kwa workshop, na sasa R zake zilikuwa safi, mpaka wateja wanaomba arudie.

Mwenye hakufurahi ni mama yangu, kule Kola. Walikuwa wanaangalia kwa jirani, TV ya betri ya gari. Alikuja mpaka mjini kuniona, akakaa chini, akaniambia, "Mwende, kama kazi ni nzuri, mbona wanakuficha? Umefanya nini?"

Nikamweleza hivyo ndivyo kazi ilivyo. Akaitikia, lakini niliona hajaamini. Kwa mama yangu, mtu haongei nyuma ya kitambaa isipokuwa ako na deni au ako na aibu.

Sasa tufike kwa ile siku.

Miaka kadhaa imepita, tuko miaka ya elfu mbili mwanzo mwanzo. Show zetu zote tulikuwa tunarekodi, ukikosea unarudia. Lakini Krismasi moja wakubwa wakaamua tutoke live. Hakuna kurudia.

Nilikuwa na wasiwasi na koo ilikuwa imekauka. Nikaingiza kikombe cha chai kwa chumba changu, chini ya leso.

Ndiyo. Niliingiza.

Nusu saa kabla ya kuanza nikageuka kuchukua earphone, kiwiko kikagonga kikombe, chai yote ikamwagikia kadi tatu za mshindani wa mwisho. Nikazipangusa na leso, nikazianika juu ya taa ya mezani zikauke, nikazitoa moja moja zikianza kujikunja. Zilikauka. Nambari za pazia zilikuwa zimeandikwa na kalamu ya wino pembeni, na wino ukawa umeenda na chai.

Nikazipanga vile nilikumbuka. Nilikuwa na hakika kabisa, hiyo hakika ya mtu mwenye hataki kwenda kuuliza kwa sababu ataulizwa mbona kadi zinanukia tangawizi.

Mshindani wa mwisho alikuwa Mzee Nzioka, mchongaji wa vinyago kutoka Wamunyu. Mzee wa kama miaka sitini na tano, koti la kijivu, alikuja na mke wake. Alikuwa anajibu maswali polepole na anapata. Edu akimtania, yeye anangoja utani uishe halafu anajibu swali. Watu walimpenda. Mimi kwa chumba changu nilikuwa nampenda zaidi, kwa sababu nilisikia Kikamba ndani ya kila neno lake na nikajua huyu ni wa kwetu.

Akachagua pazia ya pili.

Taa zikapungua. Nikawasha mic nikachukua kadi ya katikati.

"Nyuma ya pazia la pili, mabibi na mabwana, ni tangi la maji la lita elfu tano, pamoja na mifereji yake ya paa na fundi wa kukuwekea mpaka nyumbani."

Wakuu, kama hutoki mahali pakavu hutaelewa. Kwetu mtu akiota ndoto nzuri, huota tangi. Nikasikia mke wa mzee kupitia mic ya jukwaa, hakupiga kelele, alisema tu, "Mwiai, muvea," yaani Mungu, asante. Watu wakapiga makofi mpaka magodoro ya ukuta wangu yakatetemeka.

Halafu pazia ikafunguliwa, na makofi yakakatika kama maji ya mfereji.

Mimi sioni. Niko na masikio tu. Halafu nikasikia Edu akicheka kile kicheko cha mtu anatafuta mlango. "Haya, kumbe, kumbe ni baiskeli ya mazoezi, mzee. Ya kupunguza tumbo."

Hiyo baiskeli ya kukanyaga ukiwa umesimama mahali pamoja. Ya watu wa mji wenye wanakula wakashiba sana.

Mzee Nzioka akasema, kwa upole, "Kijana, mimi nimesikia tangi."

Edu akasema, "Teknolojia, mzee. Mambo ya mitambo."

"Si mitambo. Ni mama amesema. Na huyo mama tumemsikia miaka mingi, hajawahi kudanganya watu."

Otieno kwa earphone akasema, "Mwende, usiseme kitu. Tunaenda matangazo. Edu atasema ni hitilafu."

Na hapo ndipo nilipata kama sekunde nne za kufikiria maisha yangu.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu angejua. Ningerudisha kadi, ningesema ndivyo nilipewa. Kijana wa kupanga zawadi nyuma ya pazia angelaumiwa, au mitambo. Na mimi nilikuwa nahitaji hiyo kazi, si kwa ajili ya pesa peke yake. Nilikuwa naipenda vile mtu hupenda kitu alichopata bila kutafuta. Lakini huyo mzee alikuwa amesimama mbele ya nchi nzima akinitetea, na mimi nimekaa kwa stoo na leso imelowa chai.

Switch ya mic ilikuwa mkononi mwangu. Nikawasha.

"Mzee Nzioka, hii ni mimi, mama wa zawadi. Kosa ni langu. Niliingia na chai mahali hairuhusiwi, ikamwagikia kadi, nikazichanganya. Tangi ilikuwa pazia ya kwanza. Si kijana hapo mbele, si mitambo. Ni chai yangu. Naomba radhi kwako na kwa mama."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimesema maneno ya watu wengine. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa televisheni, na R zote zilipotea. Nilisema "hailuhusiwi". Nilisema "naomba ladhi". Sijui hata nini kingine.

Otieno alikuwa ananiita kwa sikio, "Mwende. Mwende, zima." Nikazima.

Nikabonyeza earphone kwa sikio.

Halafu mzee akasema, "Basi, mama amesema ukweli. Kosa ni la chai. Nipeni baiskeli yangu niende nyumbani."

Na watu wakapiga makofi. Niwaambie kitu kimoja: mimi ndiye nilikuwa nawafundisha watu wa studio wakati wa kupiga makofi, na hapo hakuna mtu alikuwa amewaambia.

Otieno alikuja kwa mlango wangu baadaye. Hakunikaripia. Alisimama tu akiangalia ile karatasi ya HAKUNA CHAI. Akasema, "Wakubwa wamekasirika. Pumzika kwanza, tutakupigia."

Nilijua maana ya "tutakupigia". Nilikuwa operator, nilikuwa nawaambia watu hivyo kila siku.

Jumapili mbili baadaye tukasikia sauti mpya. Msichana wa chuo, R zake kama injini ya trekta. Alikuwa mzuri. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Mutiso akanyanyuka akazima TV, akasema picha si nzuri siku hizi.

Kitu kilikuwa kinanisumbua si kazi. Ni huyo mzee na mke wake na ile "asante" ya mama. Nikamwambia Mutiso nataka kwenda Wamunyu kuomba msamaha uso kwa uso. Akasema tutaenda wote, na akavaa shati ya kanisa.

Tulibeba sukari, majani ya chai na unga. Mutiso akaniuliza kama kweli nataka kubeba majani ya chai. Nikafikiria nikabeba tu.

Kumpata haikuwa kazi. Kwa stage ya Wamunyu ukiuliza "mzee wa baiskeli" watu wote wanakuonyesha. Nikaona aibu, nikajua wamemfanya mtu wa kuchekwa.

Tukafika kwa boma. Kabla hata sijapiga hodi nikasikia mlio, vvrrrr, vvrrrr, na vumbi nyekundu ya mbao inatoka kwa kibanda.

Mama, mke wake, alikuwa amekaa juu ya ile baiskeli, leso imefungwa kiunoni, anakanyaga polepole kama mtu anaenda soko bila haraka. Gurudumu zito la mbele lilikuwa limefungwa mkanda wa mpira wa tairi, na mkanda umeenda mpaka kwa pipa dogo la mbao limezungushwa msasa. Mzee Nzioka amesimama hapo na twiga mkononi, anamgusisha kwa msasa, shingo ya twiga inatoka laini kama imepakwa mafuta.

Nilisema, "Hodi, mzee."

Hakugeuka. Akasema, "Simamisha, mama. Pazia imekuja."

Alinijua kwa maneno mawili.

Nikaanza msamaha wangu, nilikuwa nimeupanga njia nzima. Akaniachia niseme mpaka mwisho, vile alimngoja Edu amalize utani. Halafu akasema, "Mwaitu, mama yangu, ungenipa tangi, ningeliweka hapo, likae lingojee mvua, na mimi nilingojee. Tungekuwa wawili tunangoja. Hii baiskeli haingoji mtu."

Mke wake akasema kutoka juu ya kiti, "Mimi bado ningependa tangi."

"Huyo bado angependa tangi," mzee akakubali.

Tukacheka wote, lakini huyo mama nilimheshimu, kwa sababu yeye pia alisema ukweli wake.

Akanieleza. Kupiga msasa kwa mkono, mnyama mmoja mkubwa alikuwa anamaliza siku mbili. Sasa ni asubuhi moja. Wachongaji wenzake wanaleta kazi zao hapo. Nikamuuliza kama watu wanamcheka. Akasema, "Walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakapanga laini."

Mutiso wangu hakuwa anasikia hata. Alikuwa amepiga magoti chini ya ile baiskeli anapima mkanda na vidole. Mzee akapiga magoti upande ule mwingine. Wanaume wawili wenye hawaongei wakaongea saa mbili. Mimi na mama tukapika chai, na ilikuwa tamu.

Wiki iliyofuata, switchboard ikalia. Nikajibu vile nilikuwa najibu wote, "Habari ya asubuhi, nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na mama wa chai."

Alikuwa Otieno. Akasema barua zimejaa kwa ofisi yake. Watu wanauliza mama mwenye alisema ukweli ameenda wapi. Wengine walikuwa wametuma majani ya chai kwa bahasha. Kampuni moja ya matangi ilikuwa imeona ile show, na wametuma tangi kwa mzee Wamunyu bila kuambiwa na mtu. Kwa hivyo mke wake akapata lake, na mvua ya Machi ikaja ikalijaza mpaka juu.

Nikamwambia Otieno nitarudi, lakini niko na masharti mawili. Moja, kabla ya kila show nitapita jukwaani nione kwa macho yangu kila zawadi iko nyuma ya pazia gani. Mbili, mara moja kwa kila show niruhusiwe kusema kitu chenye hakijaandikwa.

Nikasikia akigonga kalamu kwa meza. Nikafikiria nimeharibu.

"Na chai?" akauliza.

"Nitakunywa nje."

Nilirudi nikafanya miaka mingine minne. Yule msichana wa chuo hakufukuzwa, tukagawana. Nilimfundisha kusoma pasi kana kwamba itaokoa ndoa, na yeye akanirekebishia R zangu za mwisho zenye zilikuwa zimebaki porini. Leo ni mtangazaji mkubwa, hunipigia kila Krismasi. Na ile mashine ya msasa, Mutiso alijitengenezea yake na fremu ya baiskeli kuukuu. Ametengenezea mafundi wengine kama kumi hivi na kila mmoja anamwambia ilitoka kwa mzee wa Wamunyu.

Halafu mashindano ya SMS yakaingia, watu wakawa wanashinda wakiwa kwa kitanda, na Pazia Tatu ikafungwa. Hakuna ugomvi. Tulikula keki, tukagawana vitambaa vya pazia. Changu ni kitambaa cha meza mpaka leo.

Siku hizi ni harusi na harambee za kanisa. Bado natafutwa. Harusi moja mwezi uliopita niliita jina la bibi harusi mwingine kabisa, yule aliyeolewa wiki iliyotangulia. Nikasimama hapo hapo nikasema, "Samahani, hiyo ilikuwa ya Jumamosi iliyopita, kosa ni langu," watu wakacheka, bibi harusi akacheka, tukaendelea. Haikuchukua hata dakika.

Na hilo ndilo nimejifunza, wakuu. Kosa lako liseme kwa mdomo wako mwenyewe, mapema, kabla halijapata msemaji mwingine. Likisemwa na mtu mwingine linakua. Ukilisema wewe linabaki saizi yake ile ile. Sisemi huwezi kufutwa kazi. Mimi nilifutwa, na zile wiki niliumia. Lakini nilikuwa nalala, na kama ningemwachia kijana wa zawadi lile kosa, sidhani ningeweza kumtazama yule msichana wa chuo nikimfundisha kazi.

Haya, nimemaliza na chai yangu imepoa.

Nani hapa amewahi kukosea mbele ya watu wengi, ukakubali au ukaruka, na ikawaje? Semeni tu, hakuna mtu wa kuwafuta humu. Na mwenye ako na swali kuhusu kazi ya sauti aulize. Nitajibu wote, ila mnivumilie, naandika kwa simu na kidole kimoja.